Ukale wa Kweli na Ukale wa Kupakwa: Kuchagua Karata za Taroti

Karata nyingi za taroti, yaani zile karata za picha za Ulaya ambazo wengine huzitumia kutabiria, zinazouzwa siku hizi kwa sifa ya kuwa na sura ya kale zimechorwa juzi tu kwa kompyuta, kisha zikatiwa madoa ya hudhurungi pembeni ili mnunuzi adhani zimepita mikononi mwa vizazi. Sisi wa Malindi tunaijua kazi hiyo kwa mbao. Yapo makasha yanayoundwa kwa ajili ya hoteli na nyumba za wageni, ambayo fundi akishayamaliza huyakwaruza kwa msasa, hulowesha njumu zake kwa maji ya chumvi mpaka zifanye ukijani, kisha huyaanika juani. Na lipo kasha la bibi, ambalo uchakavu wake uko palepale mikono iliposhika na ufunguo ulipogonga, wala hauko mahali pengine. Jicho lililozoea hutofautisha mara moja. Jicho hilohilo ndilo linalofaa kutumika mtu anapochagua taroti, na ninaandika haya kwa sababu naona watu wengi wenye mapenzi ya dhati na michoro ya zamani wakiuziwa madoa.

Kazi yangu mjini hapa ni kutia picha fremu na kuchapa nakala za michoro ya zamani, kwa hiyo karatasi, wino na pindo la picha ni vitu ninavyovishika kutwa. Waitaliano wamekaa Malindi kwa miongo mingi. Wengine waliletwa na kituo cha San Marco cha kule Ngomeni, ambacho kilirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini kuanzia mwaka 1967, na wengine walifuata hoteli na utalii. Jioni mezani kwao huchezwa scopa na briscola kwa karata za Napoli, zile nyembamba zenye vikombe, panga, sarafu na magongo, na ni kupitia wateja hao ndipo nilipozoea kuitazama taroti kama kazi ya wachapaji, baada ya kuwa nimeijua kwanza kwa filamu za kutisha peke yake.

Kwa asiyezijua, jozi kamili ya taroti ina karata 78. Hamsini na sita kati yake zimegawanyika katika aina nne, na yeyote aliyecheza karata barazani atazitambua: vikombe ni kopa, panga ni shupaza, sarafu ni uru na magongo ni pau. Kila aina ina karata kumi za hesabu kuanzia ree, na wakuu wanne, yaani mfalme, malkia, mpanda farasi na kijana mtumishi. Zinazobaki 22 ni karata za picha, na ishirini na moja kati yake ndizo turufu zenye namba. Ya ishirini na mbili ni Juha, ambaye kwa desturi hakuwa na namba. Humo ndimo mna Gurudumu la Bahati, Mnara, Mwezi, Jua, Mauti, na yule mtu aliyetundikwa mguu mmoja kichwa chini, ambaye Waitaliano wa zamani walimwita Msaliti kwa kuwa hiyo ilikuwa njia ya kuwaaibisha wasaliti hadharani.

Zilibuniwa Italia ya kaskazini, na kumbukumbu ya mapema zaidi inayojulikana ni ya mwaka 1440 mjini Florence, ikifuatiwa na za ukoo watawala wa Ferrara mwaka 1442. Karata zenyewe, hizi za kawaida za aina nne, zilikuwa zimeingia Ulaya katika miaka ya 1370 kutoka ulimwengu wa Kiislamu. Jumba la makumbusho la Topkapi mjini Istanbul linayo jozi ya karata za Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri, zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, zilizopambwa kwa nakshi na hati za Kiarabu bila sura ya mtu hata mmoja. Nikizitazama picha za karata zile, navutwa nazo kuliko taroti yoyote, maana buluu na dhahabu yake na jinsi mwandishi alivyozungusha herufi ndani ya ukanda mwembamba ni mambo ambayo macho yetu ya pwani yamelelewa nayo.

Suala la dini haliwezi kurukwa, hasa katika mji kama wetu. Ami yangu mmoja alipoona picha hizi zimetandazwa juu ya meza ya kazi aliuliza kwa upole lakini kwa mkazo, "Mwanangu, haya si mambo ya ramli haya?" Nilimjibu, "Ami, hizi kwa karibu miaka mia tatu zilikuwa za mchezo tu. Ramli ilikuja baadaye. Mimi nazitazama kwa ajili ya uchoraji." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi zisikae chumba cha kuswalia," nami nikaitikia, na hazikai. Sitabirii watu wala sitabiriwi, na ninaamini mtu anaweza kuishika karata ya taroti kama anavyoishika sarafu ya kale yenye sura ya mfalme wa mbali.

Nilichomwambia Ami kinathibitishwa na kumbukumbu. Taroti ilichezwa kama mchezo wa kushindana kwa turufu, na bado inachezwa hivyo Ufaransa na Bologna hadi leo. Ni mwaka 1781 ndipo Antoine Court de Gébelin, mwanazuoni wa Paris, alipochapisha dai kwamba picha hizi ni hekima ya makuhani wa Misri ya kale, miaka 41 kabla ya Champollion, mwanazuoni wa Kifaransa, kuanza kuyasoma maandishi ya Misri mwaka 1822. Muda mfupi baadaye Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla kwa kuligeuza jina lake nyuma mbele, akatoa kitabu cha kutabiria kwa taroti, na baadaye akatengeneza karata zake mwenyewe kwa kazi hiyo. Kwa mnunuzi hili lina maana ya moja kwa moja: jozi yenye mafarao na piramidi inayouzwa kama ya asili kabisa imebeba ukale wa dai hilo la karne ya 18, na haikutoka katika michoro ya kwanza.

Baada ya hayo, swali linalobaki ni la mkono na chombo. Picha ya zamani huchukua sura yake kutokana na jinsi ilivyochapwa, na katika taroti zipo njia nne za kuzifahamu kabla ya kufungua mkoba.

Ya kwanza ni karata zilizopakwa rangi kwa mkono kwa ajili ya watawala. Jozi mashuhuri ni ile ya Visconti-Sforza ya Milano, ya katikati ya karne ya 15, ambayo kwa kawaida huhusishwa na mchoraji Bonifacio Bembo. Zimesalia karata 74, na zimetawanyika: 35 ziko Morgan Library mjini New York, 26 ziko Accademia Carrara mjini Bergamo, na 13 ziko kwa ukoo wa Colleoni. Nne zimepotea, nazo ni Shetani, Mnara, tatu ya panga na mpanda farasi wa sarafu. Sasa, kila mchapishaji anayetoa nakala ya jozi hii hulazimika kumpa mchoraji wa leo kazi ya kuzibuni hizo nne, na hapo ndipo pa kumpimia. Omba picha za karata hizo nne kabla ya nyingine zote. Kama Shetani ana kivuli cha kisasa na misuli ya katuni huku wenzake sabini na wanne wamesimama bapa juu ya dhahabu, jozi hiyo itakukera kila utakapofika kwake. Kuna jambo jingine ambalo lilinigusa mimi kama mtu wa fremu: karata za asili zina vitundu vidogo juu, ishara kwamba kuna wakati zilipigiliwa au kubanwa mahali ili zitazamwe. Nakala nzuri huviacha vitundu hivyo. Wanaovifuta kwa kompyuta ili picha iwe safi wameondoa ushahidi pekee unaoonekana kwa macho kwamba karata hizi zilipendwa kama picha tangu zamani. Dhahabu yenyewe haitapatikana. Ya asili ni karatasi ya dhahabu halisi iliyogongwa vinakshi, na kwenye nakala utapata wino wa kumeta au rangi ya haradali. Kati ya hivyo viwili, haradali tulivu hudumu vizuri zaidi machoni.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya chapa za ubao, inayojulikana kwa jina la taroti ya Marseille ijapokuwa mifano yake ya zamani ilichapwa pia Paris na Lyon. Jean Noblet alichapa yake Paris kadiri ya mwaka 1650, Jean Dodal alichapa Lyon mwanzoni mwa karne ya 18, na ya Nicolas Conver wa Marseille ina tarehe ya 1760. Fundi alichonga mistari kwenye ubao, akapaka wino mweusi, akagandamiza karatasi, kisha rangi zikapakwa kwa stensili, yaani kigezo kilichokatwa matundu, rangi moja baada ya nyingine. Chukua karata ya kwanza ya turufu, yule mwana kiinimacho aliyesimama nyuma ya meza iliyojaa vikombe, kisu na vijidude vya kuchezea watu. Meza yake inaonekana miguu mitatu tu, wa nne umepotea nje ya picha. Kofia yake ina ukingo mpana unaopinda pande mbili. Angalia mkono wa nguo yake: nyekundu imevuka mstari mweusi kwa upana wa ukucha na kuacha ukanda mweupe upande wa pili, kwa sababu stensili ilisogea. Huo mteleko ndio saini ya kazi. Haukupangwa, na haufanani kati ya karata na karata.

Wachapishaji wa leo huitendea chapa ya ubao mambo matatu tofauti. Wapo wanaopiga picha karata za maktaba na kuzichapa jinsi zilivyo, na karatasi yake iliyofifia na kingo zilizochakaa. Wapo wanaozichora upya mstari kwa mstari, kama Jean-Claude Flornoy alivyofanya kwa karata za Noblet na za Dodal, akibaki na uzito wa mstari wa kisu na kuchagua rangi kwa kufuata zilizosalia. Na wapo wanaosafisha kwa programu za kompyuta mpaka mstari uwe laini wenye unene mmoja na rangi zijae sawasawa ndani yake bila kuvuka. Hao wa mwisho wanapata picha inayofanana na alama za barabarani. Mstari wa kisu huanza mnene, hukonda, hukatika kidogo penye kona, na ukiulainisha unabaki na umbo la mtu bila mkono uliomfanya. Mimi hupendelea waliochora upya kwa uaminifu, na baada yao wapiga picha. Karata iliyopigwa picha pamoja na uchafu wake ni nyaraka nzuri ya kutazama, lakini ukiishika kila siku uchafu uliochapwa unaanza kugombana na uchafu wa vidole vyako mwenyewe.

Anayezoea karata zenye hadithi kamili katika kila picha ajue kwamba taroti ya Marseille haina hadithi kwenye karata za hesabu. Saba ya vikombe ni vikombe saba vilivyopangwa pamoja na maua, basi. Panga hupindwa na kupitana mpaka zikawa kama kitanzi kirefu. Kwa mtu anayethamini nakshi huu ni utajiri, na kwa mtu anayetaka kuona watu wakiishi ndani ya karata ni ukame. Ni vizuri kuamua mapema wewe ni yupi.

Njia ya tatu, ya kuchonga kwenye bamba la chuma au shaba, naipita haraka. Mfano wake bora ni jozi ambayo Ferdinando Gumppenberg aliichapisha Milano katika miaka ya 1830, iliyochongwa na Carlo Dellarocca, na ambayo Waitaliano huita Soprafino. Mistari yake ni membamba kama unywele, nguo zimetiwa kivuli, na nyuso zina haiba. Kwa zawadi ya mtu asiyeijua taroti hiyo ndiyo ningeipendekeza kwanza, maana haimhitaji azoee chochote.

Ya nne ni ile ambayo wengi huifikiria wanaposikia neno taroti. Ilitolewa London na kampuni ya William Rider & Son mwishoni mwa mwaka 1909, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite na michoro ya Pamela Colman Smith. Kwa muda mrefu jina la Smith liliachwa nje na jozi ikaitwa kwa majina ya mchapishaji na mwelekezaji, jambo ambalo naliona ni dhuluma, kwa sababu ni yeye aliyezijaza karata za hesabu watu, mashua, vitanda, bustani na theluji. Alizaliwa London mwaka 1878, akaishi utotoni sehemu ya maisha yake Jamaica, ambako alizisikia ngano za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari kutoka Afrika Magharibi, na baadaye akawa akizisimulia mbele ya watu. Alifanya kazi za jukwaani pia, na ndiyo maana watu wengi katika karata zake wamesimama juu ya sakafu bapa kana kwamba nyuma yao kuna pazia. Mwezi Novemba 1909 alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo madogo sana. Alifariki mwaka 1951 mjini Bude, kusini-magharibi mwa Uingereza, akiwa na madeni. Katika pembe ya chini ya karata zake kuna alama yake, herufi tatu za jina lake zilizosokotwa kama mtambaa.

Alama hiyo ndiyo kipimo changu cha kwanza cha toleo. Ikiwa herufi tatu zinasomeka wazi, mchapishaji alianza na chanzo kizuri. Ikiwa ni kifundo cheusi, basi ni nakala ya nakala. Kipimo cha pili ni rangi. Toleo lililoenea sana Marekani tangu mwaka 1971 lina manjano na buluu kali ambazo watu wamezizoea mpaka wanadhani ndizo asili, ilhali karata za mwanzo zilichapwa kwa lithografia, yaani uchapaji wa jiwe, kwa rangi tulivu zaidi, na vivuli vyake vilijengwa kwa vidoto. Toleo la ukumbusho wa miaka 100, lililotoka 2009, lilirudi kwenye rangi hizo za kupoa. Yapo pia matoleo yaliyopakwa rangi upya kabisa na wasanii wengine, yenye vivuli laini kwenye nyuso. Ni kazi za heshima, lakini anayetafuta ukale asianzie hapo. Ukiwa na lenzi ya kukuzia utayaona mengi zaidi. Karata ya leo iliyochapwa kwa mashine za kawaida huonyesha vidoto vya rangi nne vilivyojipanga kama ua dogo linalojirudia kila mahali, na juu ya mstari mweusi vidoto hivyo havitakiwi kuwepo. Mstari ukiwa umeundwa kwa vidoto vya rangi nne, picha ilichukuliwa nzima bila kutenganishwa, na ndiyo sababu unauona kama una ukungu hata bila lenzi.

Haki za kazi ya Smith zimekwisha Uingereza na Ulaya tangu mwanzo wa mwaka 2022, miaka 70 baada ya mwaka wa kifo chake, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuichapa. Hilo limeleta matoleo mazuri ya wachapaji wadogo, na limeleta takataka. Jozi niliyoletewa na mteja mmoja ili nimkatie fremu za karata chache ilikuwa ya takataka: karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, pindo nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, mgongo wa karata wenye rangi zinazotofautiana kiasi kwamba ungeweza kuijua karata kabla ya kuifunua. Alikuwa ameinunua mtandaoni kwa muuzaji aliyeweka picha za toleo jingine.

Kuhusu jozi mpya kabisa, zilizobuniwa leo kwa kufuata mitindo ya zamani, sina uadui nazo. Msanii anayeujua mtindo wa mabango ya mwaka 1900, au anayekata michoro ya vitabu vya karne ya 19 na kuiunga upya, anaweza kufanya kazi yenye uzito wake. Lakini pima kwa karata ambazo wauzaji hawazionyeshi. Kila tangazo litakuonyesha Mwezi, Nyota, Jua na Mauti, kwa sababu hizo huwezi kuziharibu kwa urahisi. Omba uone nne ya magongo, sita ya sarafu na kijana wa vikombe. Hapo ndipo msanii aliyechoka hujulikana. Hesabu rangi pia: mchapaji wa zamani alikuwa na rangi chache, akalazimika kuamua wapi nyekundu ikae ili jicho litembee, na jozi yenye rangi mia mbili chini ya utando wa hudhurungi haijapitia uamuzi huo. Siku hizi kuna pia picha zinazotolewa na akili mnemba, na katika michoro ya mtindo wa kuchonga hujitambulisha penye mistari ya kivuli: mistari inaanza, inaungana na jirani yake, inapotea bila sababu, na nakshi ya pindo la kushoto hailingani na ya kulia. Fundi wa milango ya Lamu angeliona hilo akiwa ng'ambo ya mtaa.

Hali ya hewa yetu ina neno lake katika uchaguzi huu. Wauzaji wa Ulaya husifu karatasi nene isiyopakwa kitu, na kwao wana haki, maana inapendeza kushika. Hapa, masika yakianza na hewa ikajaa maji, karatasi ya namna hiyo hunywa unyevu kwa upande mmoja zaidi ya mwingine na jozi nzima hupinda ikawa kama kigae, ukiichanga inaruka. Karata zilizofunikwa plastiki yenye kung'aa hazinywi maji, ila hunata vidoleni na hurudisha mwanga wa dirisha usoni mwako, na mng'ao huo unaua kabisa hisia ya chapa ya zamani. Kinachofaa pwani ni karatasi ya unene wa wastani iliyopakwa vanishi isiyong'aa pande zote mbili. Kingo za dhahabu zikwepe, kwani chumvi ya hewani huzibandua upesi, na hasa kama nyumba yako iko upande wa bahari. Hifadhi jozi ikiwa imebanwa ndani ya kisanduku chenye mfuniko unaokaza, pamoja na kijifuko cha kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uiweke kabatini mbali na ukuta wa nje.

Ukubwa nao uangaliwe. Taroti nyingi za leo zina takriban sentimita 7 kwa 12, wakati za Noblet zilikuwa ndogo zaidi, na za Visconti-Sforza ni kubwa, zaidi ya sentimita 17 kwa urefu. Mchapishaji anayezipunguza za Visconti ziwe za kiganja hupoteza vinakshi vya dhahabu, na anayezikuza za Noblet huufanya mstari wa kisu kuwa kamba. Nakala iliyo karibu na kipimo cha asili ina faida ambayo hakuna rangi inayoweza kuifidia.

Niliyoagiza mwenyewe, baada ya kutazama mengi, ni taroti ya Marseille ya Conver iliyochorwa upya kwa mkono, yenye rangi chache zilizopoa, pindo jeupe lisilo na madoa, na mgongo wa nakshi ndogo za buluu. Nilimwandikia mchapaji kwanza nikamwomba picha ya tano ya panga na ya malkia wa magongo, akazituma kwa ukarimu pamoja na maelezo ya karatasi. Kwa anayeagiza kutoka huku, ajumlishe ushuru wa forodha na gharama ya usafirishaji kabla ya kulinganisha bei, na amwombe muuzaji aifunge jozi kwa plastiki ndani ya kisanduku kigumu, kwa sababu bahasha laini ikikaa ghalani wakati wa mvua hufika na pembe zimevimba.